Pimbi na Kamati Iliyohesabu Mikia

Paukwa.

Pakawa.

Mkia uko wapi?

Uko nyuma.

Na ulimi?

Uko mbele.

Basi wa nyuma na wa mbele sogeeni, msikie yaliyompata Fisi alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao juu ya mlima wa mawe. Mwalimu alikuwa Nungunungu, na mtoto mtundu hakuwa na haja ya kuuliza fimbo iko wapi. Njia ya kupandia ilipita kwenye mwanya mwembamba kati ya mawe mawili. Watoto wakishaingia, Nungunungu huuziba ule mwanya kwa mgongo wake wa miiba, akafundisha akiwa hapo hapo. Miaka mingi ilipita, na hakuna mtoto aliyepotea.

Shule ile ilikuwa na kamati ya wazazi, na kamati ilikuwa na kanuni yake. Jambo likishajadiliwa, mwenyekiti husema, "Mikia juu." Anayekubali huinua mkia, anayekataa huulaza. Na neno zito lilipaswa kupita katika vikao vitatu.

Mwenyekiti ndiye Fisi. Mnacheka? Aliapa mbele ya wote kwamba ameacha nyama, siku hizi anakula mizizi tu, nao wakamwamini. Wazazi wakichoka na vikao, humwachia kiti yeyote anayekitaka.

Katika kamati ile alikuwamo Pimbi. Mnamjua Pimbi. Muumba alimpa meno, akampa masikio, mkia hakumpa. Kila kikao alikuja mapema, akaketishwa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa upande wowote.

Siku moja Fisi akafungua kikao kwa sauti ya upole.

"Ndugu wajumbe, watoto wetu wanateseka. Kila siku kupanda mawe, kila siku kuchubuka magoti. Mimi nina bonde langu, tambarare kama mkeka. Shule ihamie kwangu. Nitawalinda mwenyewe."

Ngiri, aliyekuwa katibu, akauliza, "Huko bondeni tope lipo?"

"Tope tele, Katibu."

Mama Swala akauliza, "Na majani mabichi?"

"Mabichi mwaka mzima, dada yangu."

Pimbi hakuliafiki neno lile. Wanawe wakubwa wote walisoma mlimani. Kitindamimba wake ndio kwanza ameanza, hata njia hajaizoea. Tangu lini fisi akakabidhiwa bucha? Akasimama, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi nakataa."

"Bi Pimbi," Fisi akasema, "hapa tunahesabu mikia. Mikono ni ya kujikunia." Kisha akaimba, na wajumbe wakamwitikia:

*Mkia juu, neno limepita,*
*asiye na mkia asikilize tu.*

Mikia ikainuka. Kikao cha kwanza, neno likapita.

Pimbi akarudi nyumbani, akawaza. Akakata ukindu, akausuka mkia mzuri mrefu, akaufunga kiunoni kwa kamba. Siku ya kikao cha pili akaingia anatembea kwa madaha, mkia unaburuzika nyuma yake. Akaketi, akaulaza chini kabisa ili kila mtu aone kwamba anakataa.

Fisi akautazama. "Bi Pimbi, hongera kwa kuota mkia ukubwani. Hebu utikise tuuone."

Pimbi akatikisa kiuno. Kamba ikafunguka, mkia ukabaki chini, yeye akabaki alivyoumbwa. Wakacheka wote. Ngiri akacheka mpaka akajigonga pembe zake za mdomoni. Hata Mama Swala, jirani yake wa siku zote, akageuza uso na kucheka. Wakaimba tena:

*Mkia juu, neno limepita,*
*asiye na mkia asikilize tu.*

Kikao cha pili, neno likapita. Pimbi alilia machozi ya kweli. Akajifuta, akataka aondoke zake, kisha akatazama mbele yake. Akaona mikia. Miaka yote aliyoketi nyuma hakuwa ameona kitu kingine. Nyuso za wajumbe hakuzijua vizuri, lakini mikia yao aliijua: wa Ngiri unafanyaje akiogopa, wa Swala unafanyaje akishtuka, wa Fisi unafanyaje akiona kinono.

Pimbi akasimama tena. "Mwenyekiti, nakubali nimeshindwa. Lakini kuuliza hakuhitaji mkia. Nauliza tu: kwa nini kikao cha mwisho tusikifanyie huko huko bondeni, tukaja na watoto wetu, wakaione shule yao mpya?"

Fisi akameza mate. Watoto wenyewe, kwa miguu yao, mpaka mlangoni? "Bi Pimbi," akasema, "leo umenena."

Siku ikafika. Wazazi wakashuka bondeni na watoto wao. Pimbi akawahi mbele, akawaketisha watoto upande wa njia ya mlimani, wazazi mbele yao, Fisi ng'ambo peke yake. Yeye akapanda juu ya jiwe.

"Mwenyekiti," akasema, "kabla ya mikia, wakaribishe watoto wetu mmoja mmoja. Mgeni hukaribishwa kwa jina."

Mtoto wa Swala akasimama. Fisi akasema, "Karibu, mwana wa Swala. Umekua, mwanangu. Umenona." Mate yakamdondoka tone.

Mtoto wa Ngiri akasimama. Fisi akasema, "Karibu, mwana wa Ngiri. Loo, mapaja hayo." Mate yakamchuruzika mpaka kifuani. Mama Swala akaanza kumtazama Ngiri, Ngiri akaanza kumtazama Mama Swala.

Akasimama kitindamimba wa Pimbi, mdogo kama ngumi. Fisi akasema, "Karibu, mwana wa Pimbi. Wewe hata kutafunwa huhitaji." Na pale pale, bila kujizuia, akaangua kile kicheko chake ambacho wanyama wote wanakijua kinakuja kabla ya nini.

Mama Swala akashtuka, mkia wake mweupe ukasimama. Ngiri akatoka mbio, mkia wima kama mlingoti, kama ngiri wote wakimbiavyo. Wazazi wote wakawasukuma watoto mbele, wakakimbilia mlimani, mikia hewani. Na Pimbi, juu ya jiwe lake, akapaza sauti:

"Ndugu wajumbe, wanaotaka shule ibaki mlimani, mikia juu."

Hapakuwa na mkia uliolala. Hata wa Fisi ulikuwa umesimama, maana mkia wa fisi husimama akiona nyama.

Pimbi akaruka, akawafuata wenzake. Watoto wakapenya, wazazi wakapenya, Pimbi akapenya wa mwisho, na Nungunungu akauziba mwanya kwa mgongo wake. Fisi alikuja anahema, akajichoma pua.

"Kura ile haramu," akalia huko nje. "Mimi sikuitisha mikia."

Ngiri akachungulia kutoka juu. "Kanuni ni yako, Mwenyekiti. Hatuulizi mkia umesimama kwa nini, tunahesabu tu. Na wako ulikuwa juu. Neno limepita kwa mikia yote."

"Wengi wape, Mwenyekiti," akasema Pimbi.

Basi siku hiyo mlimani ilikuwa sherehe. Mama Swala alimwendea Pimbi mbele ya wote, akamwambia, "Dada, nilikucheka, nisamehe." Wakaivunja kanuni ya mikia, wakasema tangu leo kila mjumbe atasema kwa kinywa chake na atahesabiwa. Wakampa Pimbi kiti cha mwenyekiti, wakamketisha mbele. Watoto wakambeba kitindamimba wake juu juu, wakaimba mpaka bonde likaitika:

*Mkia juu, neno limepita,*
*Fisi na mkia wake asikilize tu.*

Na Fisi aliusikia wimbo ule. Ndiyo maana mpaka leo anatembea na mkia kaufyata.

Nanyi wenye vikao vyenu, shikeni hili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mliyemketisha nyuma ndiye anayewaona mgongoni, na siku ya hatari huenda wokovu wenu uko kwake.

Ngano yangu nimeifikisha mlimani, mwanya nimeuziba. Aliye ndani alale salama, aliye nje ashike njia ya kwao.