Pilau ya Kumuaga Twalibu

Kuna methali ambayo walimu wengi huitamka haraka haraka mbele ya wanafunzi, kisha wakakohoa na kufungua ukurasa mwingine. Nayo ni hii: mficha uchi hazai. Wahenga hawakutukana. Walimwona mwanamke aliyeshikwa na uchungu akimwonea haya mkunga, wakajua kwamba haya hiyo ingemuua yeye na mtoto. Mwenye shida akiificha kwa kuogopa aibu, hapati wa kumsaidia. Mzee Gharibu wa Kasulu aliijua methali hii tangu utotoni, tena alipenda kuwapigia wenzake. Kwake mwenyewe ilifika imechelewa.

Gharibu alikuwa na duka la vitambaa na sukari karibu na soko. Babu zake walitoka Tanga, jambo alilolitaja hata pasipo kuulizwa. Msikitini alikaa safu ya mbele, na kanzu yake haikujua doa. Mwaka 2013 mwanawe wa pekee, Twalibu, kijana wa miaka kumi na sita, alianza kuvuta bangi nyuma ya stendi. Baadaye akahamia kwenye viroba, ile pombe kali ya vifuko iliyouzwa kila kibanda. Akaacha shule. Akawa anaamka akitetemeka na kulala akitukana.

Mama yake, Zuleha, alitaka wampeleke hospitali. Gharibu akang'aka.

"Hospitali ya hapa hapa Kasulu? Muuguzi atamwambia jirani, jirani atamwambia shehe. Mimi nitaswali wapi, Mama Twalibu?"

Ndipo akasikia habari za Bazilio, mtu wa Kibondo aliyekuwa na nyumba ya kuwaachisha vijana ulevi. Machoni pa Gharibu sifa kubwa ya nyumba hiyo ilikuwa moja tu: ilikuwa mbali. Hakuuliza iwapo kuna daktari. Hakuuliza vijana wanalala wapi wala wanakula nini.

Sasa, kijana akienda kusoma mbali, desturi ni kumwombea dua na kuwalisha watu. Gharibu akatangaza kwamba Twalibu anakwenda Tanga kwenye chuo cha dini. Mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, dua ikasomwa. Watu walimpa kijana mkono na kumtakia elimu yenye manufaa, naye akaitikia amina akiwa ameinamisha kichwa. Kesho yake baba alimpandisha basi la Kibondo. Tangu hapo kila aliyeuliza habari za mtoto alijibiwa, "Anawasalimu sana. Anasema Tanga joto kali." Uongo uliosindikizwa kwa nyama ya mbuzi hukaa vizuri tumboni, na hakuna aliyeutilia shaka.

Kwa Bazilio hapakuwa na tiba. Vijana walilala wamefungwa mnyororo mguuni, na mchana walilima mihogo yake. Aliyetapika au kutetemeka kwa kukosa ulevi alipigwa kwa mpini wa jembe, eti shetani amtoke. Mnyororo ulimchimba Twalibu kidonda juu ya kifundo. Kilipooza na homa ikampanda, Bazilio aliogopa kubaki na maiti mikononi. Akampakia kwenye basi la kurudi Kasulu bila hata maji ya kunywa.

Zuleha alipofungua kitambaa kilichofunika mguu ule, alikaa chini akalia kwa sauti. Nani asingelia? Alipomaliza kulia hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpeleka mwanawe polisi, akapewa fomu ya matibabu, akamfikisha hospitali ile ile iliyokuwa ikiogopwa. Kutoka hapo akaenda kwa Elisante, ofisa ustawi wa jamii, Mpare aliyehamishiwa Kasulu.

"Kesi ipo, mama," Elisante alisema. "Tena kuna vijana wengine kule ambao wazazi wao hawasemi kitu. Twalibu akishindwa mahakamani, na wao wamekwisha."

Kisha akamgeukia Gharibu, aliyekuwa akitazama dirishani.

"Mzee wangu, sheria ni kama daktari. Ukiumwa tumbo ukamwonyesha bega, atakupa dawa ya bega."

Gharibu alitikisa kichwa kukubali. Hata hivyo, maelezo aliyoandikisha polisi yalikuwa mafupi kama sala ya msafiri. Alisema mtoto alirudi ameumia. Nani alimpeleka Kibondo, na kwa sababu gani, hakutaja. Haki aliitaka kweli, ila aliitaka ije imevaa kanzu safi.

Bazilio akashtakiwa Kibondo kwa kumjeruhi kijana na kumfungia isivyo halali. Alikuwa nje kwa dhamana, na alikana yote. Kijana huyo, alisema, hajapata kumwona. Nyumbani kwake polisi hawakukuta mnyororo wala mtu.

Siku ya ushahidi ilipofika, Gharibu aliwakuta watu wa Kasulu wameketi kwenye benchi nje ya mahakama, Nurudini mwadhini miongoni mwao. Upande wa utetezi ulikuwa umewaita waje waape kwamba Twalibu alikuwa Tanga wakati wote ule. Hawakuwa waongo hata kidogo. Walikuwa wamekula pilau.

Twalibu alitoa ushahidi wake kwanza, akaeleza yote, bangi, viroba na mnyororo. Kisha akaitwa baba. Wakili wa Bazilio alisimama akitabasamu.

"Mzee Gharibu, kabla mwanao hajaondoka nyumbani, ulipika pilau?"

"Nilipika."

Watu wakacheka. Hakimu akawatuliza.

"Ya nini?"

"Ya kumuaga mtoto."

"Akienda wapi?"

Gharibu akageuza uso. Dirisha lilikuwa wazi, na kofia ya Nurudini ilionekana kwa nje.

"Nitakusaidia," wakili akasema. "Uliwaambia waumini wenzako anakwenda Tanga. Mwanao amesema hapa kwamba alikuwa Kibondo. Basi mmoja ni mwongo. Ni wewe, mtu wa safu ya mbele, au ni huyu mvuta bangi?"

Neno moja tu, Tanga, lingemrudisha Gharibu nyumbani na heshima yake. Lingemrudisha pia Bazilio kwenye kazi yake ya kuwafunga vijana minyororo. Gharibu alimtazama mwanawe. Twalibu alikuwa ameketi kando ya mama yake, mguu mbovu ameunyoosha mbele, kichwa amekiinamisha kama siku ile ya dua. Hakuwa na tumaini lolote kwa baba yake, na hilo ndilo lililomchoma mzee moyo.

Akavua kofia.

"Mheshimiwa, mtoto amesema kweli. Mwongo ni mimi. Mwanangu alikuwa mlevi, nami nikaona aibu. Nilimpeleka kwa huyu Bazilio kwa mkono wangu, nikarudi kuwaambia watu yuko Tanga. Nilisomesha dua juu ya uongo. Hata polisi nilificha. Kama kuna wa kuchekwa, nichekwe mimi. Mtoto huyu asiitwe mwongo kwa ajili yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Zuleha alijifunika uso kwa mtandio. Twalibu aliinua kichwa akamtazama baba yake, akaendelea kumtazama.

Nyuma ya chumba alikuwapo mwanamke mmoja, Yusta, mkulima wa Mabamba, aliyekuja kusikiliza bila kumwambia mtu. Kesi ilipoahirishwa alimfuata Elisante.

"Bwana, mimi nilisema wangu amevuka Burundi kwa shangazi yake. Si kweli. Mwana wanje, mwanangu mimi, yuko kwa huyu mtu. Amewahamishia vijana shambani kwake, kule karibu na mpaka. Nilikuwa naona haya, lakini huyu mzee amesema, na mimi nasema."

Elisante alimpeleka moja kwa moja kwa polisi. Siku hiyo hiyo vijana walikutwa kwenye banda la mihogo, wamefungwa mnyororo. Utetezi wa Tanga ukafia hapo, na mwaka uliofuata Bazilio akahukumiwa kifungo.

Nje ya mahakama, siku ile ya ushahidi, Nurudini alimshika Gharibu mkono.

"Pilau ile ilikuwa tamu, sheikh wangu. Lakini ungetuambia ukweli, tungemwombea dua iliyomfaa."

Gharibu alilia mbele ya watu, na hakujificha.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Twalibu aliteleza tena, akaenda tena hospitali ya Kasulu, mchana kweupe, baba yake akiwa kando yake. Baadaye akawa anauza dukani, akichechemea kidogo. Mteja mmoja aliyekuwa hajasikia habari aliuliza, "Huyu si yule wa Tanga?"

"Tanga hajafika," Gharibu akajibu, akipima sukari. "Alikuwa mlevi, nami nikamficha, nusura nimzike. Sasa anatibiwa. Na kwako kuna kijana anayekusumbua?"

Mteja aliangalia huku na huku, akasogea karibu, akaanza kusema. Hakika, mficha uchi hazai.