Radhi ya Mlezi

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi palikuwa na muuza manukato mchamungu, Safwani bin Harithi. Mwaka mmoja alijaaliwa kupata masurufu ya kwenda Hija. Msafara ulipokaribia kuondoka, akazunguka mjini kuomba radhi kwa kila aliyeamiliana naye, kama ilivyo ada ya mahujaji. Wote wakamsamehe, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Ikabaki nyumba yake mwenyewe. Umaima, mjane aliyewalea watoto wote wa Safwani tangu wa kwanza, alikuwa akimwogesha kitindamimba. Safwani akamwambia kwa bashasha, "Wewe huna haja ya kuombwa, mwanangu. Wewe ni wetu."

Umaima akanyamaza. Safwani akaingiwa na hofu, maana mchamungu huogopa kimya cha aliye chini yake. Akamsihi kwa jina la Mola aseme.

"Bwana wangu," akasema Umaima, "mtoto wa nyumba hii ana fungu katika mirathi. Mtumishi ana ujira. Mimi miaka yote naitwa mwana, nala na kuvaa kwenu, na mama yangu kijijini anazeeka sijampelekea hata shuka. Niambie mimi ni nani, nijue haki yangu ni ipi."

Safwani akalia mbele ya watoto wake. Hakuwa dhalimu, alidhani jina zuri linatosha, kama tunavyodhani wengi wetu. Akauliza walezi wa mji hulipwa nini, akafungua mkoba wa safari, akampa Umaima haki yake yote. Mkewe, Lubaba, akamnong'oneza, "Na Hija?"

"Hija ni kwa mwenye uwezo," akajibu. "Kumbe uwezo wenyewe ulikuwa wa Umaima."

Wakaitwa mashahidi, wakaandikiana: ujira kila mwezi unapoandama, siku ya kupumzika, na matibabu akiugua. Umaima akaenda kumtazama mama yake. Msafara ukapita, na Safwani akabaki mlangoni akiwaaga wenzake kwa machozi. Alisubiri, wala hakulalamika.

Mwaka uliofuata Mola akamfungulia. Umaima ndiye aliyemfungia mizigo, na Safwani alipomwomba radhi, safari hii hakunyamaza.

"Nenda, baba," akasema. "Nimekuridhia."

Ndugu zangu, kumwita mlezi mwana ni adabu njema, ila tuanze na haki yake. Na ambaye kisa hiki kimemgusa asiinamishe kichwa. Arudi nyumbani leo, mlezi bado yupo.