Kizibo cha Ndiva

Sogeeni, wajukuu zangu, masikio mbele, miguu nyuma! Zamani, zamani ile mawe yalipokuwa bado laini na milima ya Upare haijamaliza kurefuka, palikuwa na mwanamke mkulima, jina lake Nakiete. Maharage yake yalikuwa yakinyauka, na roho yake ikinyauka pamoja nayo.

Maji yalikuwapo! Yalijaa tele kwenye ndiva, lile bwawa la juu mlimani. Lakini kizibo chake, aah, kizibo kilikuwa cha mtawala wao, Mfumwa Mashombe. Akisema, "Fungua!" kinafunguliwa. Akisema, "Funga!" kinafungwa. Upesi, bila maneno. Ila migomba ya nani ilikunywa kwanza? Semeni wenyewe!

Siku moja Mashombe akaumwa jino. Shavu likavimba kama boga, hata neno "fungua" likakataa kutoka. Mji mzima ukakaa na kiu, ukilitazama shavu.

"Jamani," Nakiete akasema, "tufe kwa jino la mtu mmoja?"

Kizibo wakapewa wazee. Wazee wakanusa tumbaku, wakakohoa. "Tulifikirie jambo hili." Wakalifikiria. "Tulirudie." Wakalirudia. Maharage yakazidi kulala.

"Basi kiwe chetu sote!" watu wakapaza sauti. Kikawa cha wote. Wakapanda mlimani wote, wakakivuta wote, huyu huku, yule kule, maji yakaporomokea bondeni kwa vyura. Vyura walishukuru sana.

Nakiete, matope hadi kiunoni, akapanda juu ya jiwe. "Tumchague mtu ashike kizibo msimu mmoja. Wazee wamkague. Akituonea, sisi sote tumwondoe."

"Vema," wakasema. "Anza wewe."

Moyo ukamruka kwa furaha. Asubuhi akafungua maji. Na unadhani aliyaelekeza wapi kwanza? Kwenye maharage yake! "Kidogo tu," alijiambia, "yamechoka mno haya." Kidogo ikazaa kidogo nyingine. Mwamba ngoma, watoto, huvutia kwake.

Jirani yake, Semboja, akaja na jembe begani. "Mama, mbona kwangu kukavu?"

"Zamu yako inakuja, baba."

"Hata Mashombe alikuwa akisema hivyo."

Neno lile likamchoma. Alasiri watu wakakusanyika. Wazee wakamhoji, akajitetea, akafoka, akalia. Mikono ikanyooshwa, kizibo kikahamia kwa Semboja. Nakiete akangoja kufukuzwa mlimani, kama walivyofukuzwa wote waliowahi kumbishia Mashombe. Hakuna aliyemgusa. Mke wa Semboja tu ndiye aliyemsogelea, akamnong'oneza:

"Dada, kesho njoo umkague huyu mume wangu. Namjua, mchoyo huyu!"

Nakiete akacheka hadi akakaa chini. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika kwenye ndiva, mikono kiunoni, macho kwenye mfereji.

Wajukuu zangu, msihangaike kumtafuta mtawala asiye na shamba lake; hajazaliwa. Tafuteni njia ya kumpokonya kizibo pasipo kumwaga damu, kisha msilale.

Kisa changu kimefika mlangoni kwenu: aliyekipenda akikaribishe ndani, asiyekipenda akirudishe kichakani nilikokiokota.