Nyama Iliyoiva Juu Tu

Mwanamke mmoja alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, na kwa miaka tisa hawakusemezana. Mwanamke huyo aliitwa Atuganile, mkazi wa milimani kule Tukuyu. Mdogo wake aliitwa Ambakisye. Waligombana msibani. Mama yao alipofariki, Ambakisye alikuwa safarini, akafika siku moja baada ya maziko na kukuta kaburi limekwisha kufunikwa. Dada yake alikuwa amekataa kumsubiri, na mbele ya waombolezaji alitamka kwamba yeye hana ndugu.

Mwaka wa tisa wazee wa kanisa wakawaita. Wakaambiwa wasameheane, wakapeana mikono, watu wakapiga makofi. Jambo lote lilikwisha kabla ya chai kuchemka. Wazee wakaagiza kwamba Jumamosi ndugu hao wale chakula pamoja mbele yao, nyumbani kwa Atuganile, ili yaishe.

Atuganile alikuwa na oveni ya gesi jikoni kwake. Alizoea kuoka mikate na skonzi. Nyama kubwa hakuwahi kuichoma humo. Siku ile aliupaka mguu wa mbuzi chumvi, kitunguu saumu na ndimu, akauweka kwenye trei. Kwa kuwa wageni walikuwa njiani, akafungulia moto hadi mwisho. Muda si mrefu harufu ikajaa nyumba nzima, na nyama ikawa nyekundu ya kahawia, ya kutamanisha. Akaitoa, akaipeleka mezani, wazee wakaisifia. Kisu akapewa Ambakisye. Kilipokaribia mfupa, damu ikatiririka.

Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba nyama za juu zinatosha. Wale hizo, waombe, watawanyike. Atuganile aliinamisha kichwa kwa aibu. Ndipo Ambakisye akainuka, akaichukua trei, akairudisha jikoni, ingawa kwao mwanamume mgeni haingii jikoni. Dada yake akamfuata.

"Dada," alisema, "tusiwadanganye wazee. Hii haijaiva, na sisi bado. Punguza moto, funga mlango wa oveni, tukae."

Wazee wakala ndizi na maharage, wakaaga. Atuganile akatia maji kidogo kwenye trei, akaifunika nyama, akairudisha katika oveni, akashusha moto hadi ukawa mdogo kabisa. Wakaketi wawili juu ya vigoda mbele ya oveni. Nusu saa ikapita. Kila Atuganile aliponyoosha mkono kufungua mlango achungulie, mdogo wake alitikisa kichwa.

Kisha Ambakisye akauliza, "Mama aliniulizia?"

"Kila asubuhi."

Baada ya hapo Atuganile alisema jambo ambalo wazee hawakulisikia. Alikuwa amewaambia watu kwamba hakumsubiri kwa sababu ya mvua. Haikuwa mvua. Alimuuguza mama peke yake miaka miwili, na alitaka mdogo wake naye akose kitu. Ambakisye naye akakiri lake: safari ile ilikuwa imekwisha wiki nzima kabla ya msiba. Alichelewa makusudi, kwa kuwa aliogopa kumwona mama alivyokonda.

Atuganile alisimama, akatoka nje. Ambakisye akadhani yameharibika upya, akaanza kutafuta koti lake. Lakini dada yake alirudi, uso umelowa, akaketi palepale na kumshika mkono.

"Miaka yote nilidhani hukumjali," alisema. "Kumbe uliogopa. Mimi pia niliogopa, mdogo wangu, ila sikuwa na pa kukimbilia."

Wakalia, na kilio kile kikawapumzisha. Baada ya muda mrefu wakafungua oveni. Kisu kiliingia bila nguvu hadi mfupani, na mchuzi uliotoka ulikuwa safi. Hawakutafuta sahani. Walikula kwa mikono palepale jikoni, wakikumbushana jinsi mama yao alivyokuwa akiimba kwa sauti kubwa na kukosea maneno, na Atuganile akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nanyi mliopeana mikono mbele ya wazee, ni lini mlikaa pamoja mpaka mkaambizana lile linalouma?