Sanamu ya Sultani Asiyeona

Katika mji wa Kamarani alitawala Sultani Nadhiri bin Swaifi, mwenye majeshi na hazina na jumba la matao mengi alilolijenga ujanani, na Mola aliyempa vyote hivyo akamtwalia macho uzeeni. Naye akatamani walau alishike jumba lake kwa mikono, akamwamuru Shekue mwashi amtengenezee sanamu ndogo ya jumba hilo kwa zege la chokaa na kokoto. Shekue akaifanya, dirisha kwa dirisha. Sultani akaipapasa, akanguruma, "Hili si jumba langu, ni mzinga wa nyuki!" Akaamuru mwashi akatwe kichwa Ijumaa, baada ya sala.

Mwanashungi, mchumba wa Shekue, naye binti wa mwashi mwingine, aliposikia habari hiyo alikwenda mbio kwa Sultani. Akapiga magoti mbele yake.

"Ewe Maulana, nipe mimi nafasi ya kuifanya sanamu hiyo. Nikishindwa, chukua vichwa viwili."

Sultani akaridhia, maana wafalme hawaoni hasara katika vichwa vya watu.

Mwanashungi akasugua pete aliyorithi kwa bibi yake, na jini akatokea akisema, "Labeka, bibi yangu." Kufumba na kufumbua sanamu ikasimama, lakini lo! ilikuwa ile ile ya Shekue.

"Nimelinakili jumba kama lilivyo," jini akasema, ameudhika.

"Hayo ndiyo yatakayotuua," akajibu Mwanashungi, machozi yakimtoka.

Alhamisi akaingia jumbani, akafumba macho, akatembea akipapasa. Kila ukuta ulikuwa kama mwenziwe, hata akafika kwenye baraza ya kukalia chini ya tao la ndani. Hapo jiwe lilikuwa limelika kwa kukaliwa, mabonde mawili yakikaribiana, moja pana na moja jembamba. Akarudi mbio, akamimina zege kwa mikono yake, tao moja na baraza moja tu yenye mabonde yale mawili, akamwomba jini alikaushe, basi.

Ijumaa Sultani akalishika lile tao. Mkata vichwa akasogea na upanga wake. Mkono wa Sultani ukashuka, ukalipata bonde jembamba, ukatua humo.

"Hapa ndipo alipokuwa akikaa mke wangu," akasema mzee, akalia mbele ya mawaziri bila haya. "Mfungueni mwashi."

Wakaozwa siku ile ile, wakapewa mali na shamba la mitende. Nanyi mjengao, jueni kuwa nyumba si matao, ni waliokaa chini yake.