Shokapu ya Pikipiki ya Mwinjilisti

"Mama Mwinjilisti, mtu akiugua miguu yote miwili, dawa yake ni kumkata abaki na mmoja?"

Huyo alikuwa jirani yangu, Mama Nakundwa, akiniuliza kutoka upande wa pili wa ua. Wala hakuwa anasema habari za mtu. Alikuwa anaisema pikipiki yangu. Ndipo ilipozaliwa methali hii mliyomsikia mwenyekiti akiwaambia wanakwaya leo: Kushika si hoja, hoja ni uliposhika. Mnaniuliza ni wahenga gani walioisema. Hakuna wahenga. Ilianza hapa hapa uani, nami nilikuwapo.

Pikipiki ile aliiacha marehemu mume wangu, aliyekuwa mwinjilisti. Ilikuwa ya zamani, ya zile zenye shokapu mbili za kumeza mitikisiko nyuma, moja kila upande. Alipofariki, mpwa wake Yese akaiendesha, akawa anashusha wagonjwa zahanati bondeni, maana gari halipandi huku kwetu. Mwaka ule shokapu zote mbili zikafa. Moja ilivuja mafuta yote, nyingine ikakwama, na kila jiwe la njiani likawa linagonga uti wa mgongo wa abiria. Za kufanana nazo tulizitafuta mpaka mjini, tukazikosa.

Na wakati wenyewe haukutupa nafasi. Nakundwa, binti wa jirani yangu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Presha ilikuwa inapanda na miguu imemvimba. Nesi alimwambia asikose kliniki Alhamisi hata moja. Kutembea hawezi, na kumpandisha kwenye pikipiki inayomrusha vile ni kumtafutia balaa.

Fundi Mbonea akasema ataibadilisha iwe kama pikipiki za kisasa. Alikuwa na gofu la pikipiki mpya iliyoanguka korongoni. Angetoa ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, pamoja na shokapu yake moja nene inayosimama katikati, chini ya kiti, na kuvihamishia kwenye yetu. Ndiyo sababu Mama Nakundwa akaniuliza habari za miguu. Nikamjibu kwamba hata meza ya mguu mmoja husimama. Akacheka, lakini si sana. Binti alikuwa wake.

Mbonea alifanya kazi siku tatu hapa uani. Jumatano asubuhi akazima mashine ya kuchomelea, akagonga mshono kwa nyundo, magamba yakadondoka, ukabaki unang'aa. Mshono mzuri, siwezi kumnyima sifa yake.

"Imeshika," akasema.

Mafundi wa kuchomelea wote husema hivyo. Wakisema imeshika, kazi imekwisha, mteja anashukuru na kuondoka. Lakini mimi pikipiki ile niliifuta kwa kitambaa kila Jumamosi miaka kumi na minne, naijua mfupa kwa mfupa. Nikainama chini ya kiti. Upande wa chini shokapu ilikaa vizuri. Upande wa juu alikuwa ameichomelea kwenye lile bomba jembamba linalokatiza chini ya kiti. Bomba lile kazi yake ilikuwa kubeba kiti na bamba la matope tu. Marehemu aliwahi kulipinda kwa mkungu wa ndizi, akalinyoosha kwa mikono.

Nilimwomba Mungu anipe maneno yasiyomvunjia kijana wa watu heshima.

"Mbonea mwanangu, imeshika nini?"

"Imeshika chuma, Mama."

"Chuma kipi?"

"Mama Mwinjilisti, mimi nimechomelea mageti, matela, hata kengele ya kanisa lenu. Wewe umechomelea nini?"

"Mimi nimechoma maandazi tu. Lakini hata chungu siweki juu ya jiwe nisilolijaribu. Mpakie Yese na viroba viwili vya mahindi, avuke mfereji wa pale njiani mara tatu."

"Mahindi yenyewe yakimwagika?"

"Afadhali yamwagike mahindi."

Mama Nakundwa alikuwa ameshafika, amesimama na mikono kifuani. Mbonea alimtazama, akaenda mwenyewe kufunga viroba.

Mara ya kwanza pikipiki ilivuka laini kama inaogelea. Mara ya pili vilevile, na Yese akaanza kuimba. Mara ya tatu tukasikia mlio kama wa kijiti kikavu, kiti kikalala juu ya gurudumu na Yese akatua kwenye majani pamoja na kiroba kimoja. Hakuumia. Aliinuka akaangalia kwanza kama suruali yake imechanika.

Tuliponyanyua kiti, mshono ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Bomba ndilo lililopinda na kung'oka upande mmoja, na shokapu bado imeling'ang'ania.

"Nilishika vizuri," Mbonea akasema taratibu, kama anajiambia.

"Ulishika vizuri sana," nikamwambia. "Ila kushika si hoja, hoja ni uliposhika. Shokapu zikiwa mbili, kila moja ilikuwa na pake pa kuegemea. Sasa mzigo wote unakuja mahali pamoja. Hapo mahali pawe pa kweli."

Akakata kila kitu. Safari hii alipeleka shokapu mbele, kwenye bomba kuu linalopita chini ya tangi, akaweka bamba nene kila upande, kisha nguzo mbili za chuma kutoka hapo hadi pale mkono wa gurudumu unapoungana na chesisi. Jioni Yese alivuka mfereji mara kumi na viroba vitatu. Akachoka yeye, pikipiki haikuchoka.

Alhamisi asubuhi Mama Nakundwa akaja peke yake. Mbonea alikuwa hapa, anakunywa chai.

"Haya, Fundi," akasema. "Imeshika?"

Mbonea akaweka kikombe chini, akaenda kunyanyua kiti.

"Mama, kushika si hoja, hoja ni uliposhika. Njoo utazame mwenyewe."

Akamwonyesha kwa kidole, kutoka kwenye shokapu hadi kwenye bamba, kutoka kwenye bamba hadi kwenye bomba kuu, kisha nguzo moja, kisha ya pili. Mama Nakundwa alikifuata kidole mpaka mwisho. Akagusa kila mahali kilipopita. Halafu akajifunga kanga yake vizuri, akatoka, akaenda kumleta binti yake.