Mwomba Moto wa Kota za Mbao

Mwomba moto hakukosa kiberiti.

Vijana wa nyumbani kwa Bibi Kidawa waliusikia msemo huu jioni moja walipokuwa wakimcheka jirani yao mwenye genge. Mama huyo huja kila siku na kijiko kuomba chumvi, na huku pakiti za chumvi amezipanga mezani kwake anaziuza. Bibi Kidawa hakucheka. Aliutamka msemo, akaendelea kuchambua mchele. Wakamuuliza umetoka wapi, maana shuleni hawakufundishwa.

"Huo mimi niliuona ukizaliwa," akasema, akauweka ungo chini. "Na haukuzaliwa kwenye furaha. Kaeni basi, lakini anayetaka kucheka aende akachekee nje."

Akaanza kuwasimulia. Desturi yake Bibi Kidawa, akisimulia mambo ya utotoni, hujitaja kwa jina kama anayemsema mtu mwingine. Vijana wameshazoea, hawamkatizi.

Mbeya, alisema, kulikuwa na kota za kiwanda cha mbao, nyumba kumi na mbili zimeegemeana. Bomba lilikuwa moja, vyoo viko mwisho wa uwanja, na kuta ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya nyumba ya tatu, wa nyumba ya tano anamwombea afya. Mtaa ule haukuwa na siri. Alfajiri unasikia ndoo zinagombea zamu bombani, kisha king'ora cha kiwanda, kisha wanaume wanakohoa vumbi la mbao. Jioni watoto wanacheza rede mpaka giza linaingia, na mama akikuita kwa jina lako na la baba yako pamoja, ujue fimbo imeshakatwa.

Kidawa alikuwa na miaka minane walipohamia pale kutoka Pangani. Baba yake, Sufiani, alipata kazi ya kupasua magogo, shifti ya usiku, anarudi saa mbili asubuhi. Mama yake, Mwanahawa, hakuwahi kuvaa soksi maishani mwake mpaka alipofika Mbeya. Baridi ile ilimtisha. Alikuwa na mtoto mchanga, Mbwana, wa miezi minne, kifua chake kinakoroma, na kabla ya Mbwana alishazika mwingine kwa homa ya kifua. Zahanati walimwambia amkinge mtoto na baridi. Basi hilo ndilo likawa neno lake la kulalia na kuamkia. Alitaka Mbwana aishi, hakuwa na haja nyingine duniani.

Kwa hiyo jioni, akishapika nje, aliliingiza jiko la mkaa chumbani walimolala wote watatu. Dirisha aliliziba kwa gunia, mlango akaukomea, makaa akayafukia kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi. Kwao Pangani hakuna mtu aliyewahi kulala na jiko ndani, joto la nini? Hakuwa na wa kumfundisha. Aliona chumba kina joto na mtoto amelala, akamshukuru Mungu.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bibi Tupokigwe, mjane wa Kinyakyusa, mume wake alifia kiwandani hapo hapo na kota wakamwachia. Alikuwa mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Wiki ya pili tangu wafike, alfajiri, alibisha hodi. Mkononi ana kigae cha chungu.

"Naomba moto, mwanangu."

Mwanahawa alifukua majivu, akatoa kaa moja jekundu. Bibi akalitazama lile kaa muda mrefu, kisha akatazama jiko lilipo, kisha gunia dirishani.

"Mmelala nalo humu?"

"Ndiyo, bibi. Baridi ya huku haina huruma."

"Moto haulali na watu, mwanangu. Unaua."

Uso wa Mwanahawa ulibadilika. Mtu aliyezika mtoto haambiwi neno la kifo asubuhi, huku amempakata mwingine. Kwao huo ni uchuro.

"Bibi, mwanangu usimtabirie mabaya," akasema taratibu. "Nimeshazika mmoja."

Bibi Tupokigwe akainamisha kichwa, akaomba radhi, akaondoka na kaa lake. Neno lile hakulirudia tena. Lakini kesho yake alfajiri alikuja. Na kesho kutwa. Ikawa kila siku, kabla ndoo ya kwanza haijagonga bombani, hodi na kigae. Haombi tu akaenda. Atasema, "Nitolee jiko hapa nje nichague kaa mwenyewe." Jiko likitoka, atasema, "Hebu fungua hilo dirisha, mwanangu, nyumba ipumue." Kisha ataomba amwone mtoto. Anamtazama kuanzia utosini hadi midomoni, anamgusa vidole, ndipo anaondoka.

Mwanahawa alichoka. Kila asubuhi joto lake alilolitunza usiku kucha linatoka kwa mlango kwa ajili ya kaa moja. Tena yale macho juu ya Mbwana hayakumpendeza. Alimwambia mumewe, "Yule bibi anamtazama mwanangu kupita kiasi. Jicho la mtu si kitu cha kuchezea."

"Mwache, ni mzee," Sufiani akasema, na usingizi umeshamchukua.

Siku moja Kidawa alitumwa kwa Bibi Tupokigwe kurudisha chekeche. Jiko la bibi lilikuwa linawaka vizuri, sufuria imechemka, na juu ya kabati palikuwa na viberiti vitatu, kimoja hata hakijafunguliwa. Kidawa alirudi mbio. Mtoto wa miaka minane akiona jambo la ajabu ataacha kulisema? Akalisema lote, na chumvi kidogo akaongeza.

Mwanahawa alikuwa bombani na wanawake wenzake. Akacheka kicheko kisicho na raha.

"Mmesikia wenzangu? Mwomba moto hakukosa kiberiti. Kumbe ana lake."

Ndivyo neno hili lilivyosemwa mara ya kwanza, wanangu. Lilisemwa kwa kumsengenya mtu. Wanawake wa bombani wakaguna, mmoja akajifanya anafunga kanga asionekane anacheka.

Jioni Mwanahawa akanunua kiberiti kipya, akakiweka kwenye kisahani, akakifunika kwa kitambaa kama mtu anayepeleka tunu. Watu wa pwani hata wakitukana hutukana kwa adabu. Akampa Kidawa. "Mwambie, mama anakusalimia, anasema chukua hiki, usihangaike tena na baridi ya alfajiri."

Kidawa alikipeleka, akasema vile vile alivyotumwa. Bibi Tupokigwe alifunua kitambaa. Alikitazama kile kiberiti mpaka mtoto akaanza kuangalia miguu yake. Kisha akasema, "Ndaga, mwanangu," ndiyo asante ya kwao, akarudisha kisahani. Kidawa alijua hapo hapo kwamba amefanya jambo baya, ila hakujua ni lipi. Alirudi nyumbani akakataa kula.

Kesho yake hodi haikusikika. Mwanahawa alilala hadi jua lilipochomoza, akasema leo ndiyo nimepumzika. Alimwonya Kidawa kwamba bibi akija, asimfungulie. Siku nane zikapita hivyo. Bombani Bibi Tupokigwe aliitikia salamu, akachota maji yake, akaenda zake.

Siku ya tisa ilikuwa Julai katikati, barafu nyembamba imeshika kwenye ndoo. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mwanahawa alikuwa ameongeza mkaa. Kidawa alilala kwenye mkeka chini, karibu na mlango, mahali upepo unapopenya chini ya mlango, na mara nyingi alikuwa analalamikia mahali hapo. Mama na Mbwana walikuwa kitandani.

Aliamka kichwa kinagonga. Mwanga ulishaonekana chini ya mlango. Alitaka kukaa, miguu haikumtii. Alimwita mama yake, sauti yake mwenyewe akaisikia kwa mbali, na mama hakuitika. Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi. Mama Kidawa, naomba moto."

Kidawa aliisikia wazi. Akakumbuka kwamba ameonywa asifungue. Nawaambia kweli, alilala pale akiwaza kipigo, na kule nje bibi anagonga, na yeye anawaza kipigo.

"Naomba moto, wanangu. Jamani, nifungulieni. Kaa moja tu."

Kidawa akatambaa. Alijivuta kwa viwiko mpaka mlangoni, akaegemea ukuta, akalisukuma komeo, akaanguka kwenye miguu ya Bibi Tupokigwe.

Bibi alimruka akaingia. Alilishika jiko kwa mikono mitupu akalirusha uwanjani, akang'oa gunia, akambeba Mbwana akamtoa nje, kisha akapiga yowe kota nzima ikafunguka. Wanaume wawili walimbeba Mwanahawa wakamlaza kibarazani. Alitapika, akafumbua macho, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mbwana alikuwa mapajani mwa Bibi Tupokigwe, amefunikwa kanga. Bibi alikuwa amempulizia pumzi mpaka yeye mwenyewe akaishiwa. Mtoto alikuwa ameshaondoka.

Sufiani aliporudi kutoka kazini saa mbili alikuta uwanja umejaa watu, akajua kabla ya kuambiwa. Wakamzika Mbwana adhuhuri ile ile.

Siku ya tatu, matanga yakishaanuliwa, Mwanahawa alikwenda kwa Bibi Tupokigwe. Alimchukua Kidawa maana mtoto alikuwa haachi kumshika mkono. Viganja vya bibi vilikuwa vimefungwa matambara, vimeungua vyote viwili. Mwanahawa alikaa chini, hakukubali kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha Mwanahawa akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Siku ya kwanza."

"Ulisema mara moja."

"Ukaniambia nakutabiria. Na mimi nilikuelewa, maana kwenye nyumba hii hii nilizika pacha wangu wawili kwa moshi wa mkaa, mwaka tuliohamia. Ningesema tena ungenifungia mlango kabisa. Mtu ukimfundisha hukasirika, mwanangu, lakini ukimwomba hukufungulia. Nikaona bora niwe mwombaji."

Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga. Bibi Tupokigwe hakumwonea huruma ya uongo, wala yeye mwenyewe hakujitoa lawamani.

"Na mimi nina langu," akasema. "Kile kiberiti kiliniuma. Siku nane nilikuwa naamka alfajiri, nafika mlangoni kwako, nasikia mtoto analia, nasema wako hai, narudi kwangu. Siku ile sikusikia kulia. Nikasema labda amelala. Nikarudi ndani nikakaa. Nikasema nikigonga atasema mwombaji amerudi. Nilikaa mpaka uji wangu ukaungua, ndipo nikatoka. Ule uji, mwanangu, ndio unaonichoma, siyo mikono."

Kidawa akaanza kulia, akasema, "Mimi ndiye niliyeleta kiberiti. Na mlango nilichelewa kuufungua."

Bibi alimvuta akamkalisha kwenye goti lake. "Mjumbe hauawi," akamwambia. "Na mama yako anapumua kwa sababu ulitambaa."

Maneno hayo Kidawa aliyabeba maisha yake yote. Yanamsaidia siku nyingine, na siku nyingine hayamsaidii.

Mwanahawa hakurudi Pangani, ingawa ndugu zake walimwita. Bibi Tupokigwe alipofariki, miaka sita baadaye, Mwanahawa ndiye aliyemwosha. Na kuanzia asubuhi iliyofuata akashika kigae. Kila familia ngeni iliyohamia kota zile wakati wa baridi ilimwona mlangoni kabla ya jua, akitaka jiko litolewe nje, dirisha lifunguliwe, mtoto aletwe amwone. Watu walimsema. Alisemwa mchawi, alisemwa mlozi wa watoto, alisemwa bahili asiyetaka kununua kiberiti. Kidawa, msichana mkubwa sasa, aliona aibu, akamsihi angalau aseme ukweli. Mama yake akamjibu kwamba ukweli alishausikia yeye mwenyewe siku ya kwanza, na haukumsaidia kitu.

Alfajiri moja yeye na Kidawa walifika kwa msichana mmoja wa kutoka Lindi, mke wa dereva wa winchi, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alifungua mlango nusu, amekasirika, amejifunika blanketi. Akamtazama Mwanahawa toka juu hadi chini, akaona pindo la kanga lilivyofundikwa, na kijisanduku kinaonekana umbo.

"Shikamoo, mama. Lakini mbona kiberiti unacho hapo kwenye upindo?"

Mwanahawa hakuficha upindo wake. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, mlango usifungwe.

"Ninacho, mwanangu," akasema. "Mwomba moto hakukosa kiberiti. Nitolee jiko hapa nje, na huyo mtoto mgeuze nimwone uso."